Jibu: Mtoto kushika risasi za mshipi wa kuvulia samaki

Umeuliza kama mwanao wa miaka 7 aendelee kukufungia risasi (ile metali nzito ya kuzamishia, si ya bunduki) kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Ukipata vyuma vidogo vya kuzamishia, mpe hivyo. Kama ni risasi tu, anza na karatasi nyeupe: aisugue risasi juu yake aone alama ya kijivu. Hiyo ndiyo sumu inayobaki vidoleni na kuingia tumboni akishika andazi. Watoto huamini macho kuliko maneno.

Asiitie mdomoni wala kuibana kwa meno (wavuvi wazima ndio wanaowafundisha ubaya huu), mpe koleo. Akimaliza, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, mpaka chini ya kucha. Jeli ya mikono haiondoi risasi.

Ukiyeyusha risasi kuunda vizito vya mshipi, asiwepo kabisa. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linatosha, na tone la maji ndani ya kalibu (chombo cha kuumbia) huirusha usoni. Ya betri za gari ndiyo mbaya zaidi, kwa ule unga unaong'ang'ania nguo. Usifagie, pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Akimeza, hospitali mara moja, bila kumtapisha: asidi ya tumbo huimumunyisha.