Maswali yenu: msamaha kwa watu wa kale

Wamisri wa kale waliomba msamaha baada ya kufa?

Wala. Katika sura ya 125 ya Kitabu cha Wafu, maandiko ya mazishi ya Wamisri, marehemu anafika mbele ya waamuzi 42 na kukana: sikuiba, sikuua, sikupunja mizani. Moyo wake unapimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Ni utetezi wa mahakamani, toba haimo.

Mhubiri wetu alisema Siku ya Upatanisho iliwafutia Wayahudi dhambi zote. Zote kabisa?

Soma Walawi 16. Mbuzi mmoja anachinjwa. Wa pili kuhani anamwekea mikono kichwani, anaungama makosa ya taifa, kisha mbuzi anapelekwa nyikani. Ila marabi walioikusanya Mishna, mkusanyo wa sheria za mdomo za Kiyahudi, mnamo mwaka 200 BK, waliweka mpaka: siku hiyo hufuta makosa ya mtu kwa Mungu. Uliyomkosea mwenzio hayafutiki mpaka umridhishe mwenyewe. Kwa hiyo ukipora shamba la jirani halafu ukafunga na kulia, deni lako bado liko palepale.

Mbona Uislamu unaruhusu kisasi na bado unahimiza kusamehe?

Kwa sababu haki ni ya aliyedhulumiwa. Sura ya Al-Baqara, aya ya 178, inawapa ndugu wa aliyeuawa kisasi, na papo hapo inawafungulia mlango wa kusamehe na kupokea dia, yaani fidia ya damu. Kusamehe kuna thamani pale tu unapokuwa na uwezo wa kudai.

Kuna mji mzima uliowahi kusameheana kwa sheria?

Upo: Athens, mwaka 403 KK. Watawala Thelathini, waliosimikwa kwa mkono wa Sparta, mji hasimu wa Athens, walikuwa wameua watu wasiopungua 1,500. Demokrasia iliporudi, raia waliapa kutokumbushiana mabaya. Thelathini wenyewe na maofisa wao wachache hawakuingia kwenye msamaha huo, isipokuwa aliyekubali kutoa hesabu ya utawala wake.

Sasa sikilizeni hili, maana wanaousifu mkataba huo hulirukaruka. Mmoja wa waliorejea kutoka uhamishoni alianza kufukua ya zamani. Archinus, mwanasiasa wa upande ulioshinda, akamburuta mbele ya Baraza na kuwashawishi wamuue bila kesi. Akauawa. Katiba ya Waathene, kitabu kinachohusishwa na Aristotle, kinamsifu Archinus kwa hilo na kusema hakuna aliyethubutu tena. Mimi simsifu.