Bichiri Wanne Tangi Moja: Pima Sakafu Kabla ya Lita

Juzi msomaji mmoja wa Nzuguni ameniandikia: "Dada, nimepata tangi la lita 243 kwa bei nzuri, urefu sentimita 90. Bichiri wanne wa Senegal watakaa humo?" Bichiri ni samaki wa Afrika mwenye mwili mrefu kama nyoka, nasi tunamfuga kwa mapambo. Nilimjibu kwa ufupi kwamba hawatakaa. Leo naeleza kwa kirefu, kwa sababu swali hili naulizwa mara kwa mara tangu nilipoanza kuweka picha za samaki wangu, na kwa sababu jibu nililopewa mimi wakati naanza lilikuwa la uongo.

Muuzaji aliyeniuzia, kule Dar es Salaam, alisema samaki hawa hukua kwa kufuata ukubwa wa tangi. Walikuwa wadogo, urefu wa kidole tu, bado wana matamvua ya nje yaliyochomoza nyuma ya kichwa kama manyoya. "Hata tangi la futi mbili linawatosha," akasema. Nilipomwambia nimeshaagiza la futi nne, alicheka mbele ya wateja wengine na kuniuliza kama naenda kufuga mamba. Kicheko kile kinaniuma hadi leo. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba bichiri wa Senegal anayefugwa hufika kama sentimita 30, na akitunzwa anaishi zaidi ya miaka 10. Samaki aliyebanwa akidumaa, amedumaa kwa mateso.

Sasa tuje kwenye lita. Tangi la msomaji wangu ni sentimita 90 kwa 45, kimo 60. Langu la kwanza lilikuwa 120 kwa 45, kimo 45. Zidisha mwenyewe: yote mawili yanabeba lita 243. Lakini sakafu ya lile la kwake ni sentimita za mraba 4,050, na ya langu 5,400. Bichiri haishi katikati ya maji. Analala chini, anatembea chini akijisukuma kwa mapezi ya mbele, na mara mojamoja anapanda kumeza hewa, maana ana mapafu. Zile sentimita 15 za kimo zinamrefushia safari ya kwenda juu, wala hazimpi pa kulala. Muuzaji akikutajia lita, muulize urefu na upana.

Upana ndio watu wanausahau kabisa. Kwa Senegal mimi sishuki chini ya 45. Kwa jamii kubwa naanzia 60.

Ukitaka kuelewa, kaa nao usiku taa ikiwa imezimwa. Macho yao si makali, wanategemea harufu. Nikidondosha vipande vya sato wa Mtera, wa kwanza anatoka chini ya bomba la plastiki, vile vimirija viwili vya pua vimesimama, anapapasa mchanga kwa mdomo, anakipita kipande, anasita, anarudi. Wa pili anatokea upande mwingine. Wakikutana kwenye kipande kimoja, kinachong'atwa chaweza kuwa pezi la mwenzake. Pezi la bichiri huota tena, ila kwenye tangi finyu linaliwa tena kabla halijapona. Penye nafasi unaweka chakula pande mbili na kila mmoja anakula kwa amani.

Wanne wangu leo wako kwenye tangi la 180 kwa 60, kimo 60. Wamevuka baridi ya Julai ya hapa Dodoma, hita ikishikilia nyuzi 26, na mapezi yao yote ni mazima. Naringia hilo, na sioni haya kusema. Kwa Senegal wawili au watatu, 120 kwa 45 inatosha. Wakiwa wanne, nenda 150 kwa 60 au zaidi. Bichiri wa jamii nyingine, endlicherii, anafika sentimita 75, kwa hiyo hata tangi langu kwake ni la utotoni tu. Yule congicus wa Ziwa Tanganyika anakaribia mita nzima. Huyo mwacheni ziwani kwake. Na msichanganye wakubwa na wadogo, kwani kinachoingia mdomoni kitamezwa.

Majirani nao walisema yao: maji yenyewe ya mgao, huyu anawapa samaki! Kila wiki nabadilisha robo ya tangi, kama lita 160, yaani ndoo nane. Maji yale yanakwenda kwenye mchicha na mipapai, na mchicha huo wanaokula ni haohao waliosema. Ndugu zangu, ukishamfungia kiumbe ndani ya vioo umemnyang'anya mto wake. Hawezi kuhama, hawezi kulalamika. Kama huna akiba ya ndoo nane kwa wiki, usiende kununua samaki wa ndoo nane. Fuga kidogo, fuga vizuri. Nalisema hili kwa wote wanaonitumia picha za matangi yaliyojaa kama daladala ya jioni.

Mfuniko nao usifanyiwe mzaha. Bichiri hupenya hata tundu la waya wa hita, kwa hiyo lizibe kwa sponji, na uache nafasi ya hewa kati ya maji na mfuniko ili wapate kupumua.

Kwa msomaji wangu wa Nzuguni: tangi hilo la 90 weka gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, au liuze. Kisha tafuta fundi wa vioo na fundi wa stendi ya chuma kabla hujanunua samaki. Tangi kama langu, la lita 648, likijaa, maji peke yake ni kilo 648, basi liweke kwenye sakafu ya zege iliyonyooka. Na kabla hujamlipa fundi, pima mlango wa sebule na kona ya korido, kwa sababu kioo cha sentimita 180 hakipindi.