Ngozi juu ya kifundo imekuwa nyeusi: je, damu yangu ni chafu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, ni mama lishe hapa Tanga, na nina watoto wanne. Nasimama kwenye majiko ya mkaa tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni. Huu ni mwaka wa tatu ngozi ya mguu wa kushoto, upande wa ndani juu kidogo ya kifundo, imekuwa nyeusi kama iliyoungua. Inawasha, hasa usiku. Jioni miguu inavimba hadi kandambili zinabana, na kwenye shavu la mguu mishipa imejitokeza kama mizizi. Nimesugua kwa dodoki na jiwe, weusi hautoki. Jirani anasema damu yangu ni chafu, nikapige chuku. Dukani wameniuzia krimu ya kung'arisha. Uso nao umepauka siku hizi. Naambiwa damu haifiki, nisingwe. Natumia amlodipini kwa ajili ya presha. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kabla ya yote, acha dodoki na jiwe leo hii, na hiyo krimu usiipake. Weusi huo hauko juu ya ngozi. Uko ndani yake, na umeletwa na damu inayopata taabu kupanda kutoka mguuni. Lazima uonwe ndipo tuwe na hakika, lakini mahali ulipopataja, uvimbe wa jioni, mwasho na hiyo mishipa kama mizizi, vyote vinaelekea huko.

Damu kushuka mguuni si kazi, kwa sababu moyo unaisukuma. Kazi ni kurudi. Kule chini anayeisukuma ipande ni nyama ya shavu la mguu: kila unapopiga hatua inakaza, inaibana vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, damu inapanda, kisha vali, vijilango vidogo vilivyo ndani ya vena, zinajifunga nyuma yake isirudi. Tabibu Mwingereza William Harvey aliwaonyesha watu jambo hili mwaka 1628 kwa njia rahisi mno. Alifunga mkono wa mtu kwa kitambaa, vena zikatuna, kisha akazikamua kwa kidole. Damu ilikubali kwenda upande wa moyo tu. Akiisukuma upande wa vidole, inagoma kwenye vali.

Sasa fikiria siku yako. Ukisimama palepale bila kutembea, uzito wa damu yote kuanzia moyoni hadi kifundoni unazilalia vena za chini. Presha ndani yake hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Mwenye vali nzima akianza kutembea, baada ya hatua chache tu presha hiyo hushuka chini ya 30. Mwenye vali zilizolegea haimshukii hivyo hata akitembea. Mimba nne zimechangia kuzilegeza, kusimama saa kumi na mbili kumechangia, na moto wa jiko unaokupiga miguuni unazitanua vena zaidi.

Ngozi inaingiaje hapo? Tabaka lake la juu kabisa halina mshipa hata mmoja wa damu. Oksijeni na chakula vinalifikia kwa kupenya kutoka kwenye kapilari, vimishipa vyembamba sana vya damu vilivyo chini yake. Presha ya vena ikikaa juu siku nzima, mwaka hadi mwaka, kapilari hizo zinaanza kuvuja. Yanatoka maji kwanza, ndiyo uvimbe wako wa jioni. Baadaye zinatoka chembe nyekundu za damu, zinafia ndani ya ngozi, na chuma kilichokuwa ndani yake kinabaki hapo kwa umbo la hemosiderini, ambayo rangi yake ni ya kutu. Mwili nao unakasirika kwa uvujaji huo, ngozi inawaka na kuwasha, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kila ngozi inapowaka hutengeneza zaidi melanini, yaani rangi yake ya asili. Rangi mbili zimelaliana hapo: kutu na melanini. Dodoki litaziondoaje?

Niseme na jambo linalonisumbua siku zote. Maelezo mengi ya ugonjwa huu yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, yanasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani hivyo. Tunaona weusi wa zambarau au kijivu, mng'ao usio wa kawaida, na ukigusa kwa mgongo wa kiganja unasikia joto kuliko mguu wa pili. Watu wengi wanachelewa kwa sababu wanaambiwa ni weusi tu.

Na kuchelewa ndiko ninakokuogopea. Ngozi iliyokaa hivyo inakuwa nyembamba na ngumu, haina lishe ya kutosha, na mkwaruzo mdogo tu unaweza kugeuka kidonda ndugu kisichofunga kwa miezi. Nimewasafisha wagonjwa vidonda vya namna hiyo, na wengi walianza kwa kujikuna au kusugua. Hivyo usipige chuku hapo. Kuikata ngozi ya mahali hapo ni kukifungulia kidonda mlango, na isitoshe damu yako si chafu; ini na figo ndizo zinazoisafisha, usiku na mchana. Krimu za kung'arisha nazo mara nyingi hukutwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi ikipakwa muda mrefu huikondesha ngozi, na yako tayari imekonda. Daktari anaweza kukuandikia mafuta ya steroidi kwa siku chache kutuliza mwasho. Hiyo ni dozi iliyopimwa, kwa muda uliopimwa, si mkorogo wa kupaka mwaka mzima.

Tiba ni kuisaidia damu ipande. Ukiwa jikoni, kila baada ya muda simama kwa ncha za vidole kisha ushuke, mara ishirini hivi; huko ndiko kuikamua vena. Kazi za kumenya vitunguu na kuchambua mchele zifanye umeketi, mguu ukiwa juu ya kiti kingine. Weka kitu kati ya miguu yako na jiko, hata bati. Ukifika nyumbani lala chali, miguu iinuke kupita usawa wa moyo, nusu saa. Kuiegemeza juu ya kigoda haitoshi, maana bado iko chini ya moyo. Inua pia upande wa miguuni wa kitanda kwa matofali. Mwasho upakie vaseline isiyo na manukato, asubuhi na jioni, na uoge kwa sabuni isiyo kali.

Nguzo ya tiba ni soksi za kubana, lakini usizinunue kwa kukisia. Kwanza mtaalamu apapase mapigo ya mguuni na alinganishe presha ya kifundo na ya mkono. Kama ateri, mishipa inayoleta damu, nayo imeziba, soksi itaunyima mguu hata kile kidogo kinachofika. Wenye kisukari na wavutaji sigara wako hatarini zaidi kwa hilo. Omba pia kipimo cha dopla cha vena, kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha damu inavyopita, maana zipo njia za kuifunga vena mbovu.

Mwambie daktari kuhusu amlodipini. Dawa hiyo yenyewe huvimbisha vifundo kwa baadhi ya watu, kwa kawaida miguu yote miwili. Usiiache kwa uamuzi wako, presha itapanda. Yeye ndiye atakayeamua kuibadilisha. Kwa kuwa uko Pwani, watataka kuhakikisha si matende. Sukari nayo ipimwe. Kama kuna selimundu katika ukoo wenu sema, kwani nayo huleta vidonda mahali hapohapo. Na mguu mmoja ukivimba ghafla ukauma, au ukakosa pumzi na kifua kikauma, nenda hospitali saa hiyohiyo: huenda damu imeganda kwenye vena.

Uso ni habari nyingine kidogo. Kusinga kunatanua mishipa, uso unachangamka kwa muda, na ukipenda singwa tu, ni raha na hakuna ubaya. Lakini damu kufika usoni inafika. Ninachotaka kujua ni kama yenyewe inatosha. Vuta chini kope ya jicho utazame ndani yake kwenye kioo, tazama ulimi, kisha linganisha viganja vyako na vya mtu mwenye afya. Vikiwa vyeupe kuliko vyake, kapime wingi wa damu. Nakuuliza kama dada: hedhi ni nzito? Kwa umri wako uvimbe wa kizazi ni sababu ya kawaida ya kupoteza damu kidogo kidogo. Minyoo wa safura nao hunyonya. Na chai ya rangi tunayoteremshia maharage huzuia chuma kufyonzwa tumboni. Inywe saa moja au mbili baada ya chakula. Usiogope kwamba vidonge vya chuma vitaongeza weusi wa mguu. Chuma kile kimevuja kutoka kwenye kapilari kwa sababu ya presha, hakikutoka sahanini.

Weusi wenyewe utapungua polepole sana, na sehemu yake huenda ikabaki. Nitaridhika uvimbe ukishuka, mwasho ukikoma na ngozi ikilainika. Siku ya kupimwa soksi nenda asubuhi mapema, kabla ya jiko, miguu ikiwa bado haijavimba. Zikipimwa jioni zitakuwa pana na hazitabana kitu.