Tumbo likiuma na miguu ikavimba, omba kipimo cha albumini

Kaka yangu alitibiwa vidonda vya tumbo kwa muda mrefu. Kila hospitali tulitoka na omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na katazo la pilipili na maharage. Tumbo tulishalizoea; kilichotutisha ni miguu. Ukibonyeza juu ya kifundo, shimo la kidole linabaki. Majirani wakasema ni figo, ila mkojo haukuwa na protini. Moyo na ini navyo vizima.

Daktari mmoja ndipo akaagiza albumini, ile protini inayozuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa ya damu. Ilikuwa chini mno. Kama ini linaitengeneza na figo haziipotezi, huenda inavujia kwenye njia ya chakula. Kamera iliyopitishwa mdomoni hadi tumboni ikaonyesha mikunjo ya ndani ya tumbo iliyonenepa na kujisokota kama ubongo, imejaa ute. Sehemu ya chini, karibu na utumbo, haikuguswa. Alikuwa na ugonjwa wa Ménétrier, ulioitwa hivyo kwa jina la Mfaransa Pierre Ménétrier, aliyeueleza mwaka 1888.

Hapa kwenye kinyama, yaani kipande cha ukuta wa tumbo kinachokatwa kwenda kupimwa maabara, ndipo pa kuwa wakali. Kinyama cha kwanza kilikatwa juu juu, majibu yakaja "gastritisi ya kawaida", yaani uvimbe tu wa ukuta wa tumbo. Ombeni kikatwe kikubwa na cha kina, kionyeshe pia tezi za asidi, ambazo kwenye ugonjwa huu hupungua. Mikunjo mikubwa inaweza pia kuwa saratani, kwa hiyo kubahatisha hakufai.

Wapimeni pia bakteria wa H. pylori na kirusi cha saitomegalo. Kaka alikutwa na H. pylori, alipomaliza antibiotiki, albumini ikaanza kupanda taratibu. Si wote wenye bahati hiyo. Kwa watoto ugonjwa huu mara nyingi unakuja na kirusi cha saitomegalo na kuondoka wenyewe. Mtu mzima asipopona kwa hayo, ipo setuksimabu, dawa ya saratani ya utumbo mpana inayotolewa kwa dripu. Huzuia ishara inayochochea seli za ute kuzaliana ovyo. Bei yake, tuseme ukweli, si ya mshahara wetu. Mwisho kabisa ni upasuaji wa kuliondoa tumbo, ule mfuko wa chakula.

Nyumbani tunasisitiza protini: mayai, dagaa, samaki, maziwa. Na kamera inarudiwa kila daktari anapopanga, hata akijisikia vizuri, maana hatari ya saratani ya tumbo huongezeka. Kaka hulalamika kulala na njaa usiku wa kuamkia kipimo. Alalamike tu, lakini anakwenda.