Jibu: Kilo, lita na paundi kwenye hesabu za uzito wa ndege ndogo ya Cessna 172

Mkuu, umeuliza kama ugeuze kila kitu kiwe kilo na mita au ufuate paundi na inchi za kitabu cha 172 yako. Fuata kitabu. Grafu na mipaka yake imechorwa kwa paundi na inchi, kwa hiyo geuza namba unazoingiza tu.

Abiria wa kilo 78 mara 2.2046, paundi 172. Hapo hakuna kazi. Mafuta ndiyo yanayowachanganya watu, maana unatoka kwenye ujazo kwenda kwenye uzito. Lita 100 za 100LL (petroli ya ndege) mara 0.72, yaani kilo kwa kila lita, ni kilo 72, yaani paundi 159 hivi. Hakiki kwa njia nyingine: lita 100 ni galoni 26.4 za Marekani, mara paundi 6 kwa galoni, unapata paundi 158.4. Zikikaribiana hivyo, endelea. (Galoni ya Uingereza ni lita 4.55, usije ukaichomeka hapo!)

Na kila namba iandikie kipimo chake. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani: walizidisha lita kwa 1.77, inayotoa paundi, wakadhani wamepata kilo. Ilitua Gimli, Canada, injini zote zimezima.