Mumeo hapingi maendeleo, anapinga haraka yako

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhasibu, naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili. Binti yetu wa kwanza yuko darasa la kwanza kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Anaongoza darasa la watoto 34, anasoma kitabu cha hadithi mwanzo mwisho bila kusaidiwa, na Agosti hii tumemkatia keki ya miaka 6. Mwalimu mkuu ameniambia Januari 2026 wanaweza kumrusha moja kwa moja mpaka darasa la tatu. Mume wangu hataki hata kusikia. Yeye ni fundi friji, kaishia kidato cha nne, na nadhani ana kinyongo kwa sababu utotoni alirushwa darasa akaja kushindwa mbele. Kwa kuwa mimi hutoka mapema kuwahi kazini, yeye ndiye anayemwamsha mtoto na kumpandisha gari la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi anajifanya anamjua zaidi. Mama yake aliyeko Korogwe anampigia simu kumtia moyo. Wakati huohuo mtoto wa wifi yangu, wa rika hilohilo, yuko darasa la tatu na ukoo mzima unamsifia. Kwenye kundi la wazazi wanasema tuwawahishe watoto kabla ya msongamano wa kidato cha kwanza wa 2028. Binti mwenyewe yuko tayari, ila siku hizi ameanza tena kukojoa kitandani, nadhani ni maji anayokunywa usiku. Samaki mkunje angali mbichi, Shangazi. Nimfanyeje mume wangu aache kupinga maendeleo? Nafasi nimeshailipia kianzio cha laki mbili, hajui.*

*Mama Mwerevu, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa mtoto mwenye akili, na pole, maana kuvutana na mwenzako juu ya mtoto kunachosha kuliko kuvutana juu ya hela. Pole yangu inaishia hapo.

Maksi za binti umezieleza kwa raha zako. Mkojo umeupa sentensi moja, na hiyo moja ukaimalizia kwa kuyasingizia maji. Mtoto aliyekwisha kuacha halafu akarudia, kuna jambo. Kwanza mpeleke kituo cha afya wapime mkojo na sukari, kwa sababu ugonjwa nao huja kwa njia hiyo. Wakikuta hana kitu, ujue anasema kwa godoro asichoweza kusema kwa mdomo. Na hilo godoro nani analianika asubuhi? Wewe umesema unatoka mapema. Basi nakijua kilichomfanya baba yake agome, na wala hakihusiani na kinyongo.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo kazi yako. Keki ya miaka 6 imeliwa Agosti 2025. Maana yake Januari, alipovaa sare ya darasa la kwanza, alikuwa na miaka 5 na miezi 5. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka mtoto aanze darasa la kwanza na miaka 6. Kwa hiyo huyu umeshamrusha mara moja, kimyakimya, na barua nzima hukuligusa hilo. Unachoomba baraka yangu ni kumrusha mara ya pili.

Tena Serikali yenyewe imeshampunguzia. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7. Sisi tulianza shule tukiwa na miaka 7, tukamaliza la saba na miaka 14, wengine tumeshavunja ungo. Binti yako, hata asiporushwa tena, ataingia kidato cha kwanza Januari 2031 akiwa na miaka 11. Akirushwa, ni Januari 2030, miaka 10 na miezi 5. Na nyie wenye shule za kulipia mnapenda bweni, nawajua. Mtoto wa miaka 10 akalale bweni moja na wasichana wa kidato cha nne, azungumze nao nini? Mwaka 2023 Wizara ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, labda shule iwe na kibali maalumu. Mwenye miaka 10 ni wa darasa la nne huyo, hata ukimvisha sketi ya sekondari. Kidato cha nne atamaliza na miaka 14. Anawahi wapi? Kuna mwajiri anayemsubiri mlangoni?

Kuhusu msongamano wa 2028, wenzako wamesikia kengele wasijue imelia kanisa gani. Ni kweli kwamba mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa wingi. Lakini binti yako akirushwa anamaliza 2029, asiporushwa anamaliza 2030. Haumgusi hata kidogo. Mtu aliandika upuuzi kwenye simu, wewe mhasibu mzima ukaupokea bila kuukagua.

Unasema anasoma hadithi mwanzo mwisho. Vizuri sana. Lakini darasa la kwanza na la pili ni madarasa ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Hiyo K ya kuandika umeiangalia? Jumamosi kaa naye mezani, mpe aya fupi ainakili, halafu usiseme neno. Angalia kama penseli kaishika kwa vidole au kaikamata kwa ngumi. Angalia kama ulimi umetoka nje, na kama akifika mstari wa tano anaanza kuutikisa mkono kwa maumivu. Macho yake yana akili ya darasa la tatu, vidole vyake ni vya awali. Darasa la tatu ndiko masomo yanakofunguka, kuna Sayansi, kuna Jiografia na Mazingira, kuna Historia ya Tanzania na Maadili, na yote yanataka kuandikwa, mengi kwa Kiingereza. Mwaka unaofuata ni darasa la nne na upimaji wa kitaifa. Leo anaongoza watoto 34 na anafurahi. Kule atakuwa mdogo kuliko wote, wa kusukumwa kwenye foleni ya uji, na maksi ulizozizoea zitashuka. Zikishuka utamtafutia tuisheni. Atatoka tuisheni saa ngapi, ndugu yangu, na gari la shule ni saa kumi na moja na nusu?

Mwalimu mkuu wa shule ya kulipia akikusifia mwanao, msikilize kwa sikio moja. Huenda anasema kweli. Huenda pia darasa la tatu lina viti vitupu. Mwambie akuandikie barua: ni kwa kibali cha nani anamrusha, na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi kitaifa, itasomeka yuko darasa gani. Maneno yakigeuka kuwa karatasi, utashangaa yanavyopungua.

Tuje kwa mumeo. Umemleta kwenye barua kama fundi friji wa kidato cha nne, ili niseme naam, hajui shule huyo. Lakini umemalizia mwenyewe kwamba alirushwa darasa utotoni akashindwa mbele. Mwanangu, katika nyumba yenu shahidi ni mmoja tu, na ndiye huyo unayemwita mwenye kinyongo. Amekaa kwenye dawati ambalo miguu haikufika chini. Amekuwa wa mwisho baada ya kuzoea kuwa wa kwanza. Umewahi kumuuliza ilikuwaje? Nina hakika hujamuuliza, ungemuuliza ungeandika alichokujibu. Hata mama mkwe unayemlaumu kwa simu zake, yeye ndiye aliyekuwa akimfuta machozi huyo mtoto wa enzi hizo. Ana haki ya kupiga simu.

Na hawako peke yao. Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka umri wa kuanza shule usogezwe juu, kwamba mtoto aliyekua kidogo hujifunza upesi zaidi na hutoka shuleni akiwa na umri wa kufanya jambo. Mtu huyo alishika chaki kabla ya kushika nchi. Wafini mpaka leo wanaanza darasa la kwanza na miaka 7, na hatujasikia wakilalamika kwamba wamechelewa.

Kinachokusukuma ni wifi yako. Umeandika mtoto wake ni "wa rika hilohilo" na hukutaja miezi, wakati wa kwako umetaja mpaka keki. Kama amemzidi binti yako mwaka na nusu, basi mashindano yote haya hayana mpinzani. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini kina mama mmeendelea na kumi bora yenu kwenye WhatsApp.

Hapa mnivumilie nitoke nje ya barua, maana hili silioni kwako tu. Ndoa za siku hizi zimekuwa na ugonjwa wa vyeti. Mwenye digrii akisema, ni maono. Asiye nayo akisema, anapinga maendeleo. Mtoto wa chekechea anavalishwa joho na kofia ya mahafali, anapigwa picha, anawekwa status, na mwenye joho hajui hata kufunga kamba za viatu. Watu wawili wanashindwa kuelewana juu ya pesa, ndugu na nani mkubwa ndani ya nyumba, halafu ugomvi wote wanaupakia kwenye begi la mtoto aende nao shule. Ripoti ikija nzuri, mama kashinda. Ikija mbaya, baba alisema. Sisemi zamani mambo yalikuwa mazuri. Ndoa nyingi za bibi zenu zilisimama kwa sababu mtu mmoja alinyamaza maisha yake yote, na huyo mtu hakuwa mwanamume. Lakini kunyamazishana kwa cheti nako ni kunyamazishana, hata kama safari hii anayenyamazishwa ni baba.

Umenitolea methali ya samaki. Nami naijua. Samaki hukunjwa, havunjwi.

Jibu langu: Januari binti aingie darasa la pili. Mtoto mwenye akili haharibiki kwa kukaa na wenzake. Ukiona anachoka na masomo mepesi, mwombe mwalimu wa darasa ampe kazi nzito kidogo akiwa hapohapo. Mnunulie vitabu vya hadithi, vya Kiswahili pia, maana nina wasiwasi huko kwenu kimeshaanza kuitwa lugha ya dada wa kazi. Jioni amsomee mdogo wake. Mwache acheze kombolela na watoto wa jirani mpaka achafuke. Na wewe, hata siku moja kwa wiki, omba ruhusa uchelewe kazini, umwamshe mwenyewe hiyo saa kumi na moja. Mengi uliyoniuliza mimi utayajibiwa hapo kitandani kabla hajafumbua macho.

Imebaki laki mbili. Hiyo umeificha mwisho kabisa wa barua, baada ya methali, kama anayetupa takataka usiku. Mtu anayeomba ushauri halipi kwanza. Ulishaamua, ukataka nikushikie mkono. Nenda shuleni wiki hii, waombe kianzio kihamie kwenye ada ya darasa la pili. Wakikataa, ihesabu imekwenda. Ila kabla hujaenda huko, mwambie mumeo leo akishanawa uchafu wa kazini na kula, na usianze kwa kusema "nilifanya kwa faida ya mtoto". Anza na kiasi. Maana katibu muhtasi wa shule ana namba yake ya simu, na muda wa kukumbusha malipo yaliyobaki umekaribia.