Maswali ya Wasomaji: Lehemu Haishuki Tunduni

SWALI: Nina miezi michache kwenye meza ya kuunganisha bodi za saketi. Wakaguzi hunirudishia bodi kwa sababu lehemu haijajaza tundu, na kila mara ni mguu wa hasi wa kapasita. Nimepandisha pasi ya kulehemu hadi nyuzijoto 420, hali ni ileile, na sasa pete za shaba zinazozunguka matundu zinabanduka. Nakosea wapi?

JIBU: Shusha joto leo hii. Mguu wa hasi umeunganishwa na tabaka pana la shaba ndani ya bodi, nalo hunyonya joto kabla tundu halijapata moto wa kutosha. Lehemu isiyo na risasi, yenye bati, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Pasi ya 350 hadi 370 inatosha. Kwenye 420 fluksi, yaani kemikali ya kusafisha iliyomo kwenye waya wa lehemu, huungua kabla haijasafisha shaba, na pete hulegea kwenye bodi.

Badili ncha. Iliyochongoka hugusa eneo dogo mno, kwa hiyo chukua bapa, yenye upana unaokaribiana na pete. Ipake lehemu kidogo, igusishe mguu na pete kwa pamoja, kisha lisha waya wa lehemu upande wa pili wa mguu, si juu ya ncha. Mguu wa kawaida huchukua sekunde 2 au 3. Huu unaweza kufika 5. Ondoa waya kwanza, kisha pasi, na bodi isitikisike mpaka lehemu igande. Ikigoma bado, pasha bodi nzima kutoka chini hadi nyuzi 100 hivi. Tafadhali usijazie kwa upande wa juu: utafunika uwazi uliobaki ndani, na kasoro haitaonekana tena.

SWALI: Sijawahi kupigwa shoti mezani. Mkanda wa mkononi una kazi gani?

JIBU: Huondoa umeme tuli mwilini kabla haujafika kwenye vipuri. Mwili huuhisi ukikaribia volti 3,000, ilhali baadhi ya vipuri huharibika chini ya 100. Vingine hudhoofika tu, vikapita majaribio yote, vikafa vikiwa kwa mteja. Vaa mkanda ukigusa ngozi, kamwe si juu ya shati, na uupime kila zamu inapoanza. Rezista (kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme) ya megaomu 1 iliyomo ni ya usalama wako. Mkanda usio nayo usiuvae.